ChAT inawaka hata mahali nisipotarajia: hizi zote ni seli za neva zinazoamuru misuli?

NyarKondele: Hamjambo wadau. Niko Kisumu, nasomea shahada ya pili. Nahesabu seli za neva zinazoamuru misuli katika uti wa mgongo wa panya. Natumia kingamwili inayotia rangi seli zenye ChAT, kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini, kemikali ambayo seli hizo hutumia kuamuru msuli. Vipande vya kiunoni viko sawa: seli kubwa kubwa kwenye pembe ya mbele. Lakini vya kifuani vina nyingine zimejipanga ubavuni, na chache karibu na mfereji wa katikati. Nizihesabu? Shangazi yangu alipata polio akiwa na miaka minne, mguu mmoja ukabaki mwembamba. Virusi vile huua seli za pembe ya mbele, kwa hiyo sitaki kabisa kuzichanganya na jirani zake.

FundiHadubini, Nakuru: Usizihesabu, dada. ChAT huonyesha kila seli inayotoa asetilikolini. Za ubavuni, zinazoanzia kifuani hadi juu ya kiuno, hupeleka amri kwa moyo, matumbo na mishipa ya damu kupitia vifundo vya neva. Za karibu na mfereji huenda ni kundi la V0c, seli za neva za kati zisizofika kwenye msuli. Zipime kwa Pitx2, protini inayozitambulisha.

Na hata pembe ya mbele ina mchanganyiko. Kuna aina mbili, alfa na gama. Alfa ndizo hukaza msuli. Gama huenda kwenye vile vihisi vya ndani ya msuli vinavyopima umenyooka kiasi gani. Ongeza kingamwili za protini mbili, NeuN na Err3: alfa zina NeuN nyingi, gama zina Err3 nyingi na NeuN kidogo mno. Nilipoteza wiki tatu nikiamini NeuN inanionyesha kila seli ya neva, kumbe gama zilikuwa zinanipita. Iliniuma sana.

Mwalimu_Kakamega: Mimi nilitafuta V1, kundi jingine la seli za neva za kati, kwa alama yake ya protini En1 katika panya mtu mzima, sikuona kitu. Kingamwili mbovu?

FundiHadubini, Nakuru: Huenda ni nzima, mwalimu. En1 huwaka wakati wa kiinitete kisha hufifia. Ndiyo maana watu huzalisha panya ambao seli iliyowahi kuwasha En1 hubaki na rangi maisha yote. Ukitaka seli za Renshaw tu, yaani zile za V1 zinazotuliza seli zinazoamuru misuli, jaribu protini ya kalbindini, uangalie ncha ya chini kabisa ya pembe ya mbele.

NyarKondele: Asante sana kaka. Err3 hatuna, nitamwomba msimamizi kesho. Kwa sasa nafuta hesabu ya kifuani, naanza upya na kipande cha kwanza.