Gumzo la kikundi: Ukoo wa Bi Mwanaidi

*Jumamosi usiku*

Shangazi Zaina (Lushoto): Mama Abuu, mwanao kakojoa kitandani tena. Leo nimeamua, maji mwisho saa kumi na moja jioni. Akitaka kunywa angoje asubuhi.

Mama Abuu (Dar): Uwii shangazi 🙆🏾‍♀️ Da Mwana uko wapi?

Da Mwana: Nipo, ndio natoka zamu. Shikamoo shangazi. Nakuomba mpe maji sasa hivi, hata kikombe kimoja, kisha tuongee.

Shangazi Zaina: Marahaba. Atakojoa tena huyu!

Da Mwana: Na akojoe. Mwenye selimundu, huu ugonjwa wake wa kurithi wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu, figo zake haziwezi kubakiza maji kama zetu, kwa hiyo mkojo unakuwa mwingi tu. Ukimnyima maji, zile chembe zinajikunja zaidi, zinanasa kwenye mishipa midogo, ndipo maumivu yanapoanza. Mtandikie mpira, umwamshe usiku akojoe. Na asichapwe wala asitaniwe na wenzake, si uvivu ule.

Shangazi Zaina: Hee, mimi nilijua anadeka. Haya nimempa. Kagugumia kama ngamia.

Mama Abuu: Baridi je? Soksi anavaa?

Shangazi Zaina: Mwanangu, Juni hii hata mimi navaa jozi mbili. Ila tangu magharibi anashikashika miguu, "bibi inauma hapa."

Da Mwana: Ungeanza na hilo shangazi 😅 Mpime joto. Kipimajoto kimo kwenye ule mfuko wa dawa. Mwangalie na kifua, anahema harakaharaka?

Mjomba Hamisi: Mkandeni barafu. Goti langu lilipona hivyohivyo.

Da Mwana: Mjomba, barafu hapana kabisa. Baridi inabana mishipa. Kitambaa cha uvuguvugu na blanketi.

Shangazi Zaina: 37.2. Anahema vizuri.

Da Mwana: Alhamdulillah. Mpe ile paracetamol ya maji, kipimo kiko kwenye karatasi ya mama yake, usizidishe. Halafu usingoje alie ndipo ujue anaumwa. Hawa watoto wamezoea maumivu, wengine wanakaa kimya tu wanatazama ukuta. Wodini tunawaonyesha michoro ya nyuso, mtoto anagusa ule unaofanana naye. Wewe angalia kama anacheza na kama kala. Dawa ikishindwa mpelekeni hospitali, na wakisema morfini msikatae.

Mjomba Hamisi: Morfini si ndiyo ya mateja?

Da Mwana: Ya wagonjwa mjomba. Kwa kipimo cha daktari inamtuliza mtoto, haimfanyi teja. Wazazi wanaikataa, mtoto anateseka usiku kucha mbele yao. Linaniudhi sana jambo hili.

Fatma: Da Mwana, macho yake ya njano na viganja vyeupe. Nimemnunulia sirapu ya kuongeza damu, nimpe?

Da Mwana: Usimpe. Sirapu hizo ni za chuma, na yeye chuma kwa kawaida hakijapungua. Chembe zetu nyekundu zinaishi siku kama 120, zake hazifiki hata 20, na zikivunjika chuma chake kinabaki mwilini. Anayohitaji ni foliki asidi, vitamini ya kutengeneza damu, na anayo. Kipimo cha wingi wa damu yake kliniki huwa 7 au 8, hiyo ndiyo kawaida yake. Ila shangazi, kila asubuhi papasa chini ya mbavu za kushoto, kama mama yake alivyokuonyesha. Bandama ikivimba ghafla, au akipauka na kulegea, au joto likifika 38, ni hospitali saa hiyohiyo. Msingoje kukuche.

Mama Abuu: Fatma mdogo wangu, na ile haidroksiurea, dawa yake ya selimundu ya kufungua kidonge, usiishike wewe.

Fatma: Kwa nini? Jana nimeichanganya mimi.

Da Mwana: Una mimba mama. Unga wake haufai kwako. Nawa mikono, na ukienda kliniki waambie. Kuanzia kesho shangazi aichanganye, avae glavu.

Fatma: Sawa dada 😟

Mjomba Hamisi: Ila tuseme ukweli, ugonjwa huu kwetu haukuwepo. Umekuja na upande wa baba yake.

Mama Abuu: Mjomba, usiku wote huu?

Da Mwana: Mjomba kwa heshima zote, hapo hapana. Mtoto kachukua kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu. Wote wawili ni wabebaji, yaani kila mmoja kabeba nusu tu, hawaumwi, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mgonjwa. Hata wewe unaweza kuwa mbebaji. Pwani na Kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi, kwa sababu mbebaji malaria kali haimuui kirahisi. Mchumba wako anatoka wapi vile?

Mjomba Hamisi: Sengerema 😬

Da Mwana: Basi kapimeni wote wawili kabla ya mahari. Na Fatma na mumewe pia, mtoto akizaliwa apimwe mapema.

Baba Shufaa: Nimesoma yote. Shangazi, gari lipo hapa kwangu na mafuta yamo. Simu sizimi, saa yoyote nigongee.

Shangazi Zaina: Ahsante baba. Miguu kanyoosha, anachora na makaa sakafuni.

Da Mwana: Penisilini ya usiku kashakunywa? Ni mara mbili kila siku mpaka atimize miaka mitano. Bandama yake haimlindi na nimonia.

Shangazi Zaina: Bado! Ngoja niweke simu chini.