Msaada: nataka fuvu la Halloween litafune likisikia kelele

kivuli_cha_ukuta: Wakuu habari, nina fuvu la plastiki la pambo la Halloween, ndani lina kamota ka DC ka volti 6 kanakovuta taya. Nataka mtu akipiga kelele lianze kutafuna kama sekunde 5 hivi halafu litulie, na mambo ya kuandika programu sitaki kabisa. Ninayo ile moduli ya maiki yenye LM393 (chipu inayolinganisha volti), je naweza kuunga mota moja kwa moja kwenye pini ya OUT?

waya_mwekundu: Usithubutu mkuu, ile pini inabeba miliampia chache tu na mota inataka mamia, tena ikikwama ndo inakula mara kadhaa zaidi. Halafu hata ingebeba, kofi moja ni milisekunde, taya lingeshtuka tu basi. Katikati weka NE555 (chipu ya kuhesabu muda) iwe taima ya mpigo mmoja, muda wake ni 1.1 × R × C, kwa hiyo rezista ya 100k na kapasita ya maikrofaradi 47 unapata sekunde 5 na kidogo. Pini 2 ya hiyo 555 inaamka ikishushwa chini ya theluthi ya volti ulizoipa, sasa angalia moduli yako, kuna zinazoshusha OUT zikisikia sauti na kuna zinazopandisha, kama yako inapandisha weka transista ndogo ya kugeuza. Pini 3 ipeleke kwenye geti (mguu wa kuamrisha) ya MOSFET, yaani swichi ya kielektroniki, kama IRLZ44N, hiyo ndo iwashe mota. Dayodi 1N4007 sambamba na mota, mstari wake uelekee chanya, usiiruke hii.

popo_mstaafu: Yote sawa ila maiki usiiweke ndani ya fuvu!! Muda ukiisha mota bado inalia kidogo, maiki inasikia, taima inaamka tena, litatafuna mpaka betri ife. Isogeze mbali, ifunge sponji, halafu kale ka skrubu ka potenshiometa (ka kurekebisha usikivu wa maiki) kazungushe mpaka isikie kelele za karibu tu.

kivuli_cha_ukuta: Shukrani sana, na je nikitaka liongee, yaani taya lifuate maneno ya rekodi?

waya_mwekundu: Hapo 555 haina kazi, inahesabu muda tu haijui maneno.

popo_mstaafu: Na maiki pia itoe, chukua sauti kwenye waya wa spika, pitisha kwenye dayodi na kakapasita kadogo ipate mlima na bonde la sauti (inavyopanda na kushuka), ndo iende kwenye transista. Mimi napenda rekodi ya stirio, upande mmoja uende spika na mwingine uendeshe taya, hapo unaweza kuhariri taya peke yake bila kuharibu sauti. Taya liwe na springi ya kulirudisha, mota ivute tu.

kivuli_cha_ukuta: Betri moja inatosha kwa vyote?

waya_mwekundu: Tenga, mota ikianza inashusha volti na taima inachanganyikiwa. Ila hasi zote ziungane, bila hivyo MOSFET haiwaki.