Naomba ushauri: safari ya Morisi mwezi Desemba na suala la kadi ya njano

Msafiri_Mpya:
Wakubwa zangu, nawaamkia wote. Mimi na mume wangu tunatarajia kusafiri kutoka Nairobi kwenda Morisi mwezi Desemba, na kinachoninyima usingizi ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nimesoma kwamba msafiri anayetoka Kenya hutakiwa kuionyesha anapoingia kisiwani, nami sijawahi kuchanjwa. Je, huwa wanaikagua kweli, au ni sharti la kwenye karatasi tu? Naomba pia mnieleze kuhusu mbu, bahari na vimbunga, kwa kuwa sijapata kutoka nje ya nchi.

Bahari_Shwari:
Dada, mimi ningekuhofia bahari kuliko kadi. Nilipokuwa huko, mwenzangu alishuka kwenye maji ya magotini bila viatu, akamkanyaga yule samaki anayefanana na jiwe, na mguu ukavimba mpaka kifundo hakionekani. Mwenye mashua alichanganya maji ya moto kwenye ndoo, akayapima kwanza kwa mkono wake asije akamuunguza, kisha akautumbukiza mguu humo wakati gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Joto hupunguza maumivu ya sumu ile. Vaa viatu vya majini, na usiogelee Gris Gris upande wa kusini, ambako hakuna mwamba wa kuzuia mawimbi.

Mzee_wa_Busara:
Vijana wa siku hizi hulipia hoteli kwanza, masharti huyasoma baadaye. Desemba ni ndani ya msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba. Januari 2024 kimbunga Belal kilileta mafuriko mji mkuu, Port Louis, magari yakasombwa barabarani. Tahadhari hutolewa kwa daraja, kuanzia la 1 hadi la 4. Ikifika la 3, mwanangu, usitoke nje hata kama jua linawaka.

Nesi_Mstaafu:
Kadi inatakiwa, nawe jiandae kuionyesha. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Ila swali lako linanitia shaka. Mtu mwenye afya huchanjwa akamaliza. Haulizi kama kadi hukaguliwa. Je, una mzio wa mayai, una tatizo la kinga ya mwili, au ni mjamzito?

Msafiri_Mpya:
Ni mjamzito. Tutakapoondoka nitakuwa katika wiki ya 31. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtaniambia nibaki nyumbani, na nauli yetu hairudishwi. Kuna mtu aliyeahidi kunipatia kadi yenye muhuri bila kudungwa sindano, nami nimeshampa sehemu ya malipo. Sioni ninayemdhuru, kwa kuwa mwanangu atakuwa ameepushwa na chanjo hiyo, na Morisi kwenyewe hakuna homa ya manjano.

Chunguza_Kwanza:
Naomba msimamizi autazame uzi huu kwa makini. Mwanzoni hapakuwa na mimba wala muuzaji. Baada ya kubanwa kidogo, vyote viwili vimejitokeza kwa pamoja. Hii ndiyo njia wanayotumia wauza kadi: hadithi ya kusikitisha leo, kesho akaunti mpya yenye namba ya simu. Siamini kwamba safari hii ipo.

Bahari_Shwari:
Sasa hata mimi naingiwa na wasiwasi. Dada, muuzaji huyo ulimpataje?

Mama_Wawili:
Jamani, mwacheni. Nilipobeba mimba ya pili nilimficha hata mama yangu mzazi ili nisizuiwe kusafiri kikazi, na uchungu ukanianzia safarini kabla ya miezi kutimia. Mwanamke mwenye hofu husema nusu ya jambo, hilo silishangai kabisa.

Nesi_Mstaafu:
Uwe umetungwa au haukutungwa, mkasa huu una msomaji mwingine aliye njia panda ile ile, kwa hiyo nitajibu. Sharti la kadi lipo kwa sababu kisiwa hakina homa ya manjano lakini kina mbu wa jamii ya Aedes, wanaoweza kuieneza. Mgonjwa mmoja akiingia anaweza kuwaletea wenyeji janga. Kadi ya kununua ni kughushi, na unaweza kurudishwa ukiwa uwanjani. Chanjo yenyewe ina kirusi hai kilichodhoofishwa, ndiyo maana mjamzito kwa kawaida hapewi isipokuwa hatari ya ugonjwa ni kubwa. Njia ya halali ni hati ya daktari ya kukuondolea sharti hilo, yenye saini na muhuri, lakini waulize ubalozi wa Morisi kabla hujapanda ndege, maana si lazima waikubali.

Kinachonitisha zaidi ni chikungunya, homa inayoenezwa na mbu hao hao. Katika mlipuko wa 2005 na 2006 kisiwani Réunion, akina mama waliougua karibu na kujifungua waliwaambukiza watoto wao, baadhi wakaumwa vibaya, na mwaka 2025 ugonjwa huo ulienea tena Réunion na Morisi. Mbu hao huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Vaa mikono mirefu, na upake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET kwa kufuata maelezo ya kopo. Mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa usithubutu.

Msafiri_Mpya:
Sina namba ya kumpa mtu yeyote, na muuzaji nililetewa na jamaa wa kazini. Fedha niliyompa naiacha ipotee. Nitaomba hati kwa daktari wangu wa kliniki, lakini safari bado natamani kwenda, kwa sababu mume wangu hatapata likizo nyingine kabla mtoto hajazaliwa. Je, hati hiyo itatosha na kwenye ndege?

Nesi_Mstaafu:
Hapana, hiyo ni barua nyingine. Mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hukataa abiria baada ya wiki ya 36. Wewe hesabu tarehe ya kurudi. Itakuwa wiki ya ngapi?

Msafiri_Mpya:
Ya 34.

Mzee_wa_Busara:
Na kimbunga kikifunga uwanja, mwanangu?

Nesi_Mstaafu:
Mzee ameuliza la msingi. Ombeni likizo ifupishwe ili mrudi mapema, na kabla ya kusaini bima someni kama inagharamia mtoto anayezaliwa kabla ya wakati, kwa sababu nyingi humlipia mama peke yake. Ambulensi ya huko huitwa kwa 114. Mume wako naye aihifadhi namba hiyo kwenye simu yake.