Maktaba rasmi ya programu inatoa kiasi cha uongo kwa tokeni zenye ada, na wenye mtandao wanajua

Wadau, nimevumilia vya kutosha.

Mtandao huu wa blockchain ulipoleta ada ya uhamisho ndani ya tokeni (sarafu ya kidijitali) yenyewe, tulifurahi sana. Mtoaji anaweka asilimia, leja, yaani daftari la pamoja la mtandao, inakata yenyewe kila tokeni zinapohama, huandiki mkataba janja (programu inayojiendesha ndani ya mtandao) wako. Nilijenga mfumo juu ya hilo kwa chama cha wauza mitumba wa Gikomba. Wanachama walikubaliana kila uhamisho ukatwe asilimia 1 iende mfuko wa dharura, maana soko lile linaungua mara kwa mara na hakuna anayewafidia.

Leja inafanya kazi yake sawasawa. Shida ni maktaba rasmi ya lugha ya JavaScript, yaani kodi iliyoandikwa tayari ya kuwasiliana na mtandao, ile wanayotuambia tuitumie. Ukiiuliza muamala umeleta kiasi gani, inakujibu kwa kusoma agizo la mtumaji, haisomi salio lilivyobadilika. Mama anatuma tokeni 5,000, zinafika 4,950, hamsini zinaingia mfukoni. Maktaba inasema zimefika 5,000, na neno "imefaulu" juu yake. Risiti zote zinatoka hivyo.

Mweka hazina wa chama hiki ana daftari lake la mkono na hakosei hesabu. Aliweka risiti na daftari mezani mbele ya wenzake, akaniuliza: "Kijana wangu, risiti inasema elfu tano, salio linasema elfu nne mia tisa na hamsini. Hii hamsini amekula nani?" Anayejua vyama anajua swali hilo lina uzito gani. Wenzake hawakunitazama mimi, walimtazama yeye. Mwanamke aliyeshika pesa za watu kwa uaminifu miaka yote anaanza kushukiwa, kwa sababu kuna mtu huko aliona uvivu kusoma sehemu sahihi ya matokeo ya muamala.

Na taarifa sahihi ipo! Leja inaandika salio la kabla na la baada, unatoa moja kwa lingine, basi. Niliandika ripoti ya kasoro, nikaweka msimbo wa programu unaoonyesha kasoro yenyewe na namba za miamala. Jibu: "Inafanya kazi ilivyokusudiwa." Ripoti ikafungwa. Ilivyokusudiwa na nani? Nani alikaa akakusudia risiti iseme uongo?

Msiniambie ni jambo geni. Mkataba wa USDT (tokeni yenye thamani ya dola) kule kwenye mtandao wa Ethereum una nafasi ya ada tangu 2017, hata kama kiwango kimewekwa sifuri, na ndiyo maana watengenezaji makini wa Ethereum hupima salio kabla na baada ya kupokea. Mtandao mwingine, XRP Ledger, unaweka kwenye matokeo sehemu maalumu ya kiasi kilichofika kweli, na nyaraka zake zinaonya wazi usiamini kiasi kilichoagizwa. Hata M-Pesa, inayotumiwa na bibi yangu kijijini, inakuandikia kilichotumwa, ada na salio kila kimoja peke yake.

Halafu hiyo maktaba inarudisha salio kama namba ya kawaida ya JavaScript. Namba hiyo ni ya uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Tokeni ya desimali 18, yaani inayogawanyika hadi tarakimu 18 baada ya nukta, ikiwa moja tu, vipimo vyake vidogo tayari vimepita hapo, tarakimu za mwisho zinapotea kimyakimya. BigInt, aina ya namba isiyo na kikomo hicho, iko kwenye JavaScript tangu 2020. Kisingizio ni kipi?

Mtandao wa majaribio nao unafutwa bila tangazo, unaamka asubuhi huna tokeni wala akaunti. Hilo nimelizoea, ingawa sikupaswa kulizoea.

Kinachoniuma zaidi ni mpangilio wao wa kazi. Kila toleo linakuja na sifa mpya za tokeni: kugandisha, kurejesha kwa nguvu, metadata, sijui nini. Zinapambwa kwenye mikutano, lakini zana za kuzitumia zinaachwa nyuma, na anayesimama mbele ya chama kujibu ni sisi.

Natoa madai matatu kwa wasimamizi wa maktaba wanaopita hapa. Fungueni ile ripoti. Rudisheni kilichotumwa na kilichofika, vyote viwili. Na wekeni onyo juu kabisa ya ukurasa wa nyaraka leo hii, kabla ya marekebisho, kwa sababu kuna watu wanatoa risiti za uongo saa hizi na hawajui.

Wenye mifumo inayotumia tokeni zenye ada: msisubiri. Chukueni salio la mpokeaji kabla na baada kutoka kwenye nodi (kompyuta inayotunza leja) moja kwa moja, kama tarakimu za maandishi, mlinganishe na risiti zenu za zamani. Ukikuta tofauti, weka hapa toleo la maktaba unalotumia na asilimia ya ada. Ripoti moja wameifunga, waje wafunge zetu zote.