Kundi la Ukoo: Asha yuko Stockholm

Asha: Assalaam alaykum wote. Tumevuka kwa feri kutoka Slussen, sasa tuko Djurgården, kile kisiwa chenye makumbusho. [picha 4]

Bi Mkubwa: Waalaykum salaam mwanangu. Watoto mbona hawana masweta?

Asha: Bi Mkubwa, huku Julai. Watu wanaogelea.

Bi Mkubwa: Wao hao. Wavishe.

Ami Khamis: Hicho chombo nyuma ya watoto, mle ndani ya jengo, ni cha kweli au wamechonga mfano?

Asha: Shikamoo Ami. Cha kweli. Inaitwa Vasa, ilizama tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza. Haikwenda hata kilomita moja na nusu. Wameiopoa 1961, na zaidi ya asilimia 98 ya unachokiona ni mbao zile zile.

Ami Khamis: Marahaba. Kaa mbali, nipigie ubavuni.

Asha: [picha]

Ami Khamis: Aah. Hii lazima izame.

Juma: Ami kaizamisha mara ya pili 😂

Ami Khamis: Tazama mwenyewe. Juu wamejaza, chini pembamba. Na matundu ya mizinga safu mbili. Farumi walitia kiasi gani?

Asha: Ngoja nimuulize mtembezaji.

Asha: Mawe ya kukituliza chombo, kama tani 120. Mizinga 64. Anasema hata wangeongeza mawe isingesaidia, maana chombo kingedidimia na matundu ya chini yangekaribia maji.

Ami Khamis: Basi farumi haina lawama. Tumbo ndilo halikupanuliwa. Fundi nani?

Asha: Mholanzi, Henrik Hybertsson. Alifariki 1627, meli haijamalizika. Halafu sikia hii: kabla ya safari waliwakimbiza mabaharia 30 kwenye sitaha, ubavu huu mpaka ule, kuijaribu. Ikayumba mpaka wakaambiwa waache, isije ikapinduka pale pale bandarini.

Juma: Na bado wakang'oa nanga??

Asha: Mfalme Gustav II Adolf yuko vitani, anaitaka meli yake. Nani amwambie? Ukaja upepo kidogo ikalala, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi. Walikufa watu kama 30. Kesi ikasikilizwa, hakuna aliyetiwa hatiani.

Juma: Kesi za wakubwa hizo.

Bi Mkubwa: Innalillahi. Watoto wamekula?

Asha: Wamekula Bi Mkubwa.

Ami Khamis: Miaka mia tatu na zaidi majini, mdudu hakutoboa mbao? Hapa Nungwi chombo usipokipaka mafuta kinaliwa hicho.

Asha: Bahari ya Baltiki chumvi yake ndogo, yule mdudu haishi. Shida ilianza walipoitoa majini, mbao zingekauka zikapasuka. Waliinyunyizia dawa moja kama nta, miaka 17.

Ami Khamis: Miaka 17! Mafuta ya papa mmoja tu yangewatosha.

Zainab: Jamani mie nakuja mwezi wa nane na wanangu watatu. Kiingilio kitanimaliza?

Asha: Hapo Vasa walio chini ya miaka 18 bure, utalipa wewe tu. Ila njoo na kadi, noti sehemu nyingi hawazitaki.

Zainab: Na Skansen?

Asha: Itengee siku nzima. Ipo tangu 1891, wamehamisha nyumba za zamani kutoka Sweden nzima wakazipanga pale, na ndani unakuta watu wamevaa nguo za enzi hizo. Wapo na dubu. Watoto wangu nyumba hawakuziangalia, dubu tu.

Asha: Gamla Stan, mji mkongwe wa huku, kigari cha mtoto kiache nyumbani. Ni mawe na vichochoro mtindo mmoja. Kipo kimoja, Mårten Trotzigs gränd, panapobana ni sentimita 90, tena ngazi.

Juma: Shangani hiyo, bila ya baraza.

Zainab: Makumbusho ya Nobel si ndio huko huko?

Asha: Huko huko, uwanja wa Stortorget. Jana tuliingia kwa ajili ya Gurnah wetu, ile ya fasihi ya 2021. Picha za washindi zinazunguka juu darini, moja moja, kama nguo kwa dobi. Nikasema hatutoki mpaka apite.

Bi Mkubwa: Akapita?

Asha: Wamepita wanakemia weeee, mpaka mdogo akalala begani. Tukatoka.

Juma: 😂😂 Mzanzibari hana haraka

Zainab: Nikiwa na siku moja tu nichague nini?

Asha: Vasa. Mengine utayaona kwenye simu, hii picha haitoshi. Ukisimama chini ya ule mkia wake, masanamu juu mpaka shingo inauma, ndipo unafahamu kwa nini hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme.

Ami Khamis: Kesho rudi. Nataka mkuku, na usukani kwa karibu, na pale mbao zinapoungana.

Asha: Ami kesho tuna Stadshuset, jengo la halmashauri ya jiji, mtembezaji tumeshamlipia! Ndipo wanapofanya karamu ya Nobel kila tarehe 10 Desemba. Ukumbi wenyewe wanauita wa Buluu na matofali yake mekundu. Juu kuna mwengine, kuta zake vipande vya dhahabu zaidi ya milioni 18.

Ami Khamis: Hiyo nyumba. Nyumba nimeziona.