Kivuko cha waenda kwa miguu: wazee wapewe sekunde ngapi?

mchoraji_tanga: Wadau, barabara ina upana wa mita 14, taa ya kijani ya waenda kwa miguu inawaka sekunde 12. Wazee wanakwama katikati. Nirekebishe nini?

fundi_njia: Hizo 12 zimetokana na mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, mwendo wa kijana. Mzee mwenye mkongojo mkadirie 0.8: 14 ÷ 0.8 ni 17.5, ongeza 3 za kuanza kutembea, weka 21. Singapore, tangu 2009, mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa, akaongezewa sekunde.

bi_mipango: Mkuu, muda peke yake hautoshi. Jenga kisiwa katikati ya barabara, pa kusimama kabla ya kuvuka nusu ya pili, upana usipungue mita 2, kiti cha magurudumu na anayekisukuma watoshee. Ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 15 unataka mteremko wenye urefu wa mita 1.8, yaani 1 kwa 12: kimo 1, urefu 12. Kosa linalojirudia mno: mteremko unaishia kwenye mtaro wazi, au tabaka jipya la lami linaacha kidato cha sentimita 3. Hapo ndipo mguu unajikwaa.

fundi_njia: Kweli dada. Na mabenchi yawe na kimo cha sentimita 45, yenye mikono. Bila mikono, mzee atakaa vizuri tu. Kuinuka ndiyo kazi.