Bili ya maji: wa kukata anawahi, wa kusoma mita haonekani. Ada ya kurudishiwa maji tunalipa kwa kosa la nani?

Wakuu, salamu kwenu.

Leo sina maneno laini. Msoma mita anaweza kupotea miezi miwili bila kukanyaga mtaani, lakini mwenye spana anafika asubuhi ya siku inayofuata tarehe ya mwisho ya kulipa. Anafunga, anang'oa mita au anaweka lakiri, anaondoka. Kuanzia hapo ni deni lote pamoja na ada ya kurudishiwa huduma ndipo maji yarudi, na kama ni Ijumaa mchana basi hesabu ndoo za kununua hadi Jumatatu. Ukichunguza, aliyekatiwa mara nyingi si mdaiwa sugu. Ni mtu ambaye ankara haikumfikia, au ilimfikia ikiwa na makosa akasubiri irekebishwe. Hasira yangu iko hapo: kosa linaanzia ofisini, faini inamwangukia mteja.

Nianze na meseji, maana ndiko wengi wanakoumizwa bila kujua. Ankara za karatasi karibu zimekwisha, sasa inakuja meseji kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ya maji. Nyumba ya kupanga namba hiyo ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko mkoa mwingine, au alishabadilisha laini, au marehemu na namba haijawahi kuguswa. Wapangaji sita wanakaa kusubiri kiasi cha kuchangishana, tarehe inapita, wanakatiwa wote. Hili linatibika kwa siku moja. Nenda ofisi ya kanda yenu na namba ya akaunti, namba ya mita na barua fupi ya mwenye nyumba, uombe namba ya simu ibadilishwe au iongezwe ya mtu anayelala kwenye nyumba hiyo. Usiondoke kaunta kabla hujaona wameingiza. Na mwezi ambao meseji haikuja, usifurahi. Itafute ankara mwenyewe kwa namba ya akaunti, kwenye menyu ya huduma za serikali *152*00# kama mamlaka yenu ya maji imo, au kwa kupiga simu ofisini. Deni linaendelea kuhesabiwa hata kama meseji haikuja.

Sasa makadirio. Geti limefungwa, mbwa yupo, mita imefunikwa na udongo au imewekewa mchanga wa ujenzi juu, msoma mita anaandika namba ya kichwani. Mwezi huo unaona bili ndogo unashukuru. Usishukuru. Chukulia nyumba inayotumia uniti 14 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wamekadiria 6, wa pili 6, wa tatu amekuja kusoma kweli. Jumla ya miezi mitatu ni 42, toa 12 zilizolipwa, mwezi wa tatu unaandikiwa uniti 30. Panapotumika bei za ngazi, ambapo uniti za mwanzo ni nafuu na zinazofuata ni ghali, hizo 30 zinakupeleka ngazi ya juu ambayo hujawahi kuifikia. Maji ni yale yale, shilingi zimepanda. Dawa yake ni kudai kwa maandishi kwamba uniti hizo zigawanywe kwa miezi mitatu na kila mwezi ukokotolewe kwa ngazi yake. Wasipoulizwa, mfumo haugawi wenyewe.

Kwa hiyo mita ijue wewe kabla ya msoma mita. Hizi za nusu inchi zilizojaa mitaani zina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndizo uniti, yaani mita za ujazo, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Nyekundu, pamoja na vishale vidogo vyekundu, ni sehemu ya uniti na haziingii kwenye bili. Kosa linalojirudia ni hili: mita inasomeka 0124 nyeusi na 6 nyekundu, msomaji anaandika 1246. Hapo ndipo mtu wa vyumba viwili anapoletewa bili ya kiwanda. Nyanyua kifuniko, futa kioo kwa kitambaa chenye maji maana vumbi na ukungu hugeuza 3 ikawa 8, piga picha inayoonyesha tarakimu zote na namba ya mita pamoja. Fanya hivyo tarehe ile ile kila mwezi, karibu na siku anayopita msoma mita. Simu itatunza tarehe yenyewe.

Ankara ikifika usitazame shilingi kwanza. Tazama usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Mfano 0847 na 0863: umetumia 16. Zidisha kwa bei ya uniti ya kundi lako. Tuseme ni shilingi 1,700, inakuja 27,200. Kinachozidi hapo kiwe na jina: tozo, deni la nyuma, majitaka. Kwenye majitaka kaza macho. Kama nyumba yako ina shimo na haijaunganishwa na mtandao wa majitaka, hiyo si yako kulipa. Angalia pia kundi uliloandikishwa. Nyumba iliyowahi kuwa na duka au gesti mbele inaweza kubaki kundi la biashara miaka mingi baada ya duka kufungwa, na bei ya biashara si ya majumbani.

Ikiwa usomaji ni sahihi na uniti bado ni nyingi, usikimbilie kutukana watu. Kwanza pima kwako. Funga koki zote, hakikisha simtanki limejaa na boya limefunga, kisha tazama kile kinyota kidogo katikati ya mita. Kikizunguka, hata polepole, maji yanapita. Funga geti valvu, ile koki kuu iliyo baada ya mita. Kinyota kikisimama, uvujaji uko upande wako: bomba lililozikwa, boya lisilofunga tanki likawa linamwaga usiku kupitia bomba la kufurikia, au tanki la choo. La choo linagundulika kwa kutia rangi ya chakula tankini na kuacha dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, raba ya chini imechoka. Kuanzia mita kuingia ndani gharama ni zako, kabla ya mita ni zao. Hapo lazima tuwe wakweli, maana kuna watu wanagombana na ofisi miezi minne kumbe ni raba.

Kujua kama mita yenyewe inadanganya, jaza ndoo 10 za lita 20 hadi kwenye alama, mfululizo, koki nyingine zote zikiwa zimefungwa. Hizo ni lita 200, mita inatakiwa isogee 0.2 ya uniti. Ikisogea 0.26, una hoja ya kuomba mita ipimwe. Uliza kwanza gharama ya kupima na nani anailipa mita ikikutwa nzima.

Tukija kwenye kulipa. Malipo ya serikali yanapita GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, kwa namba ya malipo, kontrol namba, yenye tarakimu 12. Makosa yanayozaa "kuchelewa" ni haya. Mtu analipa kwa namba ya mwezi jana aliyoihifadhi, wakati kwenye mamlaka yake kila ankara ina namba mpya na ile ya zamani imeisha muda. Mtu anaingiza namba ya akaunti ya maji mahali pa namba ya malipo. Mtu anaweka namba ya siri bila kusoma jina linalotokea, analipia nyumba ya mwingine. Mtu anasubiri saa nne usiku ya siku ya mwisho, mtandao unagoma, asubuhi spana iko getini. Lipa siku 3 kabla. Baada ya kulipa zinakuja taarifa mbili: ya mtandao wa simu au benki kwamba pesa imetoka, na ya pili yenye namba ya stakabadhi kwamba malipo yamepokelewa. Ya kwanza peke yake haitoshi. Ya pili isipofika ndani ya siku moja, peleka namba ya muamala ofisini ukiwa bado ndani ya muda. Ukilipia kwa wakala, mwambie aandike namba yako ya simu, na meseji yake akutumie hapo hapo.

Fedha taslimu usimpe msoma mita, usimpe mkataji, hata akiwa na kitambulisho na sare. Hakuna kontrol namba, hakuna malipo.

Bili ikiwa na makosa, kulalamika kwa mdomo dirishani hakusimamishi tarehe. Hili naliandika kwa uchungu maana ndilo linalowakatia watu maji wakiwa na haki. Andika barua: namba ya akaunti, namba ya mita, usomaji walioandika, usomaji wa kwenye picha, kiasi unachokipinga na unachokikubali. Toa nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha lipa sehemu usiyoipinga kabla ya tarehe ya mwisho. Kipimo cha haraka ni wastani wa miezi 3 iliyopita. Uliza kwanza kama namba hiyo ya malipo inakubali kulipa kidogo kidogo, maana nyingine zinataka kiasi kamili na zitakurudisha. Ikikataa, waombe watoe namba nyingine. Na waambie waandike kwenye akaunti kwamba kuna kiasi kinachobishaniwa, kwa sababu orodha ya wakataji inatoka kwenye mfumo, haitoki kwenye kumbukumbu ya dada wa dirishani.

Wasipojibu au wakijibu ovyo, hatua inayofuata ni EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti huduma za nishati na maji, ambayo ndiyo inayoidhinisha bei zao. Nayo itakuuliza kama ulianza kwa mtoa huduma, ndiyo maana ule muhuri ni mali. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, linalosaidia mteja kuandaa lalamiko. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Walio vijijini kwenye vyombo vya jamii vya maji mko chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoundwa na Sheria ya Huduma za Maji Na. 5 ya mwaka 2019. Anzieni kwa meneja wa wilaya.

Ambaye kweli hana pesa, aende kabla ya tarehe, aombe mkataba wa kulipa kwa awamu, kwa maandishi. Ukishakatiwa, mazungumzo yanaanza ada ikiwa tayari imo ndani.

Na ninyi wa ofisini mnaopita humu kimya kimya: mwezi ambao hamkusoma mita, spana ikae stoo. Mteja hawezi kuwahi bili ambayo ninyi wenyewe hamjaijua.

#2
Mleta mada umemaliza, ila umeacha upepo. Mitaa yenye mgao, maji yakianza kurudi yanasukuma hewa iliyomo bombani, na mita inaihesabu kama maji. Anayeumia zaidi ni mwenye simtanki tupu, boya liko wazi, hewa inapita bila kizuizi na kinyota kinazunguka kama feni. Maji yakikatika funga geti valvu. Yakirudi, ngoja kidogo, kisha fungua robo. Bomba likiacha kukohoa na maji yakatoka mfululizo, fungua yote.

#3
Kwa wanaonunua nyumba au kuhamia: deni linafuata akaunti na mita, halimfuati aliyehama. Kabla ya kutoa pesa ya kodi au ya kununua, dai taarifa ya akaunti ya miezi 12 kutoka ofisi ya maji. Siku ya kupokea funguo piga picha ya mita, muisaini wote wawili.

#4
Wapangaji, mkichangishana msigawe kwa vyumba bila kuongea na mwenye saluni au anayefua nguo za watu. Ugomvi huo ndio unaochelewesha mchango hadi tarehe inapita. Mita ndogo ya ndani kwa kila mpangaji inamaliza ubishi, ila ijulikane kwamba mamlaka inaitambua ile kubwa tu. Mmoja asipotoa, mnakatiwa wote. Chagueni mtu mmoja wa kukusanya, mweke tarehe yenu ya mwisho siku 5 kabla ya ile ya kwenye ankara, na stakabadhi ibandikwe mlangoni kwa koki ya uani.

#5
Mkataji akifika na ulishalipa, usimfungie geti wala kumshika spana. Mwonyeshe namba ya stakabadhi, mwombe apige simu ofisini wathibitishe akiwa hapo. Akikata hata hivyo, piga picha ya mita na saa, andika barua siku hiyo hiyo kwamba ulikatiwa baada ya kulipa, na udai ada ya kurudishiwa isiingizwe kwenye akaunti yako. Mwezi unaofuata hakiki ankara mstari kwa mstari, maana inaweza kuingizwa kimya. Na usijiunganishie mwenyewe hata kama fundi wa mtaani anakuambia ni dakika tano: hapo unaacha kuwa mlalamikaji, unakuwa mshtakiwa.